Kichwa Kiguse Ubao

Kumpima mtoto mchanga urefu ni kazi ya watu wawili, na hapo ndipo matatizo yote ya Rula yalipoanzia.

Mtu mzima unamwambia asimame ukutani, anyooke, asijiongezee kwa visigino, basi, umemaliza. Mtoto mchanga hana habari na mambo yako. Lazima umlaze chali juu ya ubao. Upande mmoja wa ubao kuna kibao kilichopigiliwa, hakiendi popote; utosi unatakiwa ukiguse. Upande wa pili kuna kibao kinachoteleza, unakisogeza mpaka kigonge nyayo. Mmoja anashika kichwa, mwingine ananyoosha magoti. Na kwa kuwa mtoto ni mdogo na ubao wenyewe ni mfupi, hao wawili huinamiana kama watu wanaochungulia kisima kimoja. Mmoja akiwa amekula kitunguu, mwingine atajua.

Rula alikuwa mtu wa miguuni. Nyumbani kwao alikuwa na jina lingine, zuri tu, lakini pale kliniki hakuna aliyelikumbuka. Walimwita Rula kwa sababu vipimo vyake havikuwahi kukosea, kwa sababu alikuwa mrefu na mnyoofu, na, kama alivyopenda kusema Kaka Pole, mpimaji mwenzake, kwa sababu hata ukimkunja hacheki. Huyo Kaka Pole naye alikuwa wa kipekee. Alimwambia pole kila mtoto aliyemgusa, akamwambia na mama yake, na siku moja alijigonga kwenye mlango akauambia pole mlango.

Mtu wa kichwani huwa ni mama au baba. Kwa Bosi alikuwa mjomba.

Bosi alikuwa hajafikisha hata mwaka. Alikuwa na paji la uso pana na mikono mifupi aliyoipenda kuikunja juu ya tumbo, akikutazama kama mwenye kampuni anayesubiri kuambiwa kwa nini kazi haijaisha. Alizaliwa na kasoro ndogo kwenye vinasaba, kitu kisichoonekana kwa macho, kinachoiambia mifupa ya mikono na miguu isirefuke sana. Si baba, si mama aliyekuwa nayo, ilitokea tu. Wako watu wengi wanaoishi nayo na wanakula maisha yao vizuri. Lakini kuna watoto ambao uti wa mgongo hubanwa, au pumzi hukatika usingizini, na ndiyo maana kliniki ile ilikuwa inajaribu dawa mpya kwa wachanga: sindano ndogo kila siku, nyumbani. Baadhi ya watoto walipata dawa. Wengine walipata maji yenye sura ya dawa. Nani anapata nini hakuna aliyejua, si mzazi, si daktari, si mpimaji, mpaka jaribio lifike mwisho.

Mara ya kwanza Mama Bosi alijaribu kushika kichwa mwenyewe, akalia kumzidi mtoto. Mara iliyofuata akaja na kaka yake, mwenye duka la kunyolea barabara ya nyuma ya kliniki.

"Vichwa ndiyo kazi yangu," alisema, akikunja mikono ya shati. "Huyu ni mteja tu, ila bado hana nywele."

Akaweka viganja kwenye mashavu ya mpwa wake, taratibu, kama anayemgeuza mteja aone upande wa pili kwenye kioo. Bosi alikuwa ameshafungua kinywa ili aanze malalamiko. Akakifunga. Rula akainua macho aone ni mikono ya namna gani inayozima kilio kama swichi, na badala ya mikono akakutana na macho. Kwisha habari yake.

Kinyozi alikuwa na maswali kuliko mtoto anayejifunza kusema. Kwa nini mnapima mara tatu? Kwa nini asubuhi tu? Rula alimweleza kwamba hata mtu mzima huamka na urefu kidogo ambao mchana wote huupoteza, mgongo ukibanwa na uzito wake mwenyewe. Kinyozi akalifikiria hilo, akasema sasa ameelewa kwa nini wateja wa jioni hawaringi. Rula akajikausha. Ila alipofika nyumbani, akiwa anaosha sufuria, kicheko kikamtoka peke yake, mama yake akamuuliza anacheka na nani.

Siku nyingine Kinyozi alimuuliza swali ambalo halikuwa la mzaha. "Dada Rula, wewe hutamani kujua? Kama Bosi wetu anapata dawa au anapata maji?"

"Nikitamani mimi, na mkono utatamani. Mkono wa mpimaji hautakiwi kutamani kitu."

"Na macho je?"

Kulikuwa na sheria, na sheria ile Rula ndiye aliyewafundisha wapimaji wapya: asiyekuwa ndugu, asiyekuwa rafiki, ndiye anayepima. Huchukui zawadi, huendi nyumbani kwao, husemi namba. Uso wako uwe kama ukuta. Alikuwa anaifundisha vizuri sana.

Na ndipo ile mara ya mwisho, walipokuwa wanamvalisha Bosi soksi, Kinyozi mguu wa kulia, yeye wa kushoto, Kinyozi akauliza bila kuinua kichwa, "Nikitaka kukuona siku ambayo hatujamweka mtoto katikati, nifanyeje?"

Soksi ya Rula ikaingia upande wa kisigino mbele. "Nitakujibu mkija tena," alisema.

Sasa wamekuja tena.

*

Hawakuja peke yao. Rula alifungua mlango wa chumba cha vipimo, akiwa amejipanga tangu asubuhi na jibu lenye adabu, jibu la kukataa, alilolirudia mbele ya kioo mpaka likawa halina hata chembe ya huruma. Akaona Kinyozi, akaona Mama Bosi na mtoto begani, na mbele yao wote akaona mama mmoja mfupi, mnene kiasi, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama," alisema Rula.

"Marahaba. Ni wewe unayemvuta mjukuu wangu miguu?"

Kinyozi akafunga macho. "Mama, tumeshaongea."

"Tumeongea, ndiyo. Sasa naongea na mwenyewe."

Bibi alikuwa na maoni yake na aliyatoa akiwa bado amesimama. Kwa ufupi, na yeye hakuwa mfupi wa maneno, ni kwamba watu hawa kila mwezi wanamlaza mtoto ubaoni, mmoja anashika huku, mwingine anavuta kule, halafu wakija kuona amerefuka watasema ni dawa. Na hiyo dawa yenyewe hawana hakika kama ni dawa. Mtoto hajui hata jina lake bado lakini sindano anaijua. Akisikia ile pakiti inachanwa, anaanza kulia kabla haijafika. Na kwani mtu akiwa mfupi amemkosea nani?

Swali hilo la mwisho Rula alilipenda, na akamwambia kweli. Hakuna aliyekosewa, mama. Hawatafuti mtoto mrefu. Wanatafuta kujua kama mifupa ikipata nafasi, mgongo nao utapumua. Hawajui bado. Ndiyo maana wanapima.

"Hawajui," Bibi alirudia, akimtazama mwanawe. "Umesikia kwa masikio yako." Kisha akakaa, mkoba juu ya magoti. "Leo nataka kuona mwenyewe. Nisiporidhika, mtoto huyu harudi hapa. Na baba yake tumeshaongea, yuko upande wangu."

Mama Bosi alimsogelea Rula kama anayetafuta pa kuweka blanketi. Uso ulikuwa wa mtu ambaye hajalala vizuri. "Usimwache amtoe," alinong'ona. "Tafadhali. Mimi najua anarefuka."

"Umejuaje? Hatusemi namba."

Mama Bosi akatazama pembeni. "Najua tu."

Rula alitaka kuuliza zaidi, lakini mlango ukafunguliwa akaingia daktari mkuu wa jaribio, na kila mtu akanyamaza. Huyo walimwita Daktari Mnong'ono. Sauti yake ilikuwa imepotea zamani kwa ugonjwa wa koo, na kile kilichobaki kilikuwa kama karatasi inayoburutwa mezani. Matokeo yake akiongea, hata mashine zilionekana kupunguza kelele ili zisikie. Nyuma yake alikuja Kaka Pole.

Ilikuwa siku ya ukaguzi. Mara moja moja Daktari huwapima wapimaji: kila mtoto hupimwa na wote wawili, mmoja akiwa nje asisikie namba ya mwenzake, na Daktari ndiye hulinganisha. Rula hakuwa na wasiwasi. Watoto waliotangulia asubuhi ile, namba zake na za Kaka Pole zilikuwa zimelala pamoja kama vijiko kwenye droo. Wasiwasi wake ulikuwa mwingine, na ulikuwa umesimama upande wa kichwani ukikunja mikono ya shati.

Kaka Pole akatoka nje. Bosi akalazwa. Akaitazama dari, akakunja mikono, akasubiri maelezo.

Kinyozi akaweka viganja. Wakainamiana.

Alikuwa amenyoa ndevu asubuhi hiyo na kujikata kidogo chini ya sikio. Kinyozi mzima. Rula aliliona lile jeraha dogo, akajiuliza alikuwa akiwaza nini, na akainua macho kumuuliza kimyakimya, na macho yale yalikuwa tayari yanamsubiri, yameuliza lao kwanza. Lile jibu la adabu likatoka kichwani kama maji kwenye kichujio. Akanyoosha magoti ya Bosi. Akasogeza kibao. Akasoma.

"Jibu langu?" Kinyozi aliuliza kwa sauti ya chini sana.

"Mtoto kwanza."

Mara tatu, kama kawaida. Akamnong'oneza Daktari namba sikioni, akatoka. Kaka Pole akaingia. Kupitia mlango alisikika akimwambia Bosi pole, kisha, "Pole, Mjomba, msogeze juu kidogo."

Daktari akamwita Rula arudi.

"Pima tena," alinong'ona.

Akapima tena. Namba ilikuwa ileile yake ya kwanza, na akashusha pumzi. Lakini Daktari hakuondoka. Aliuzunguka ubao mpaka upande wa kichwani, akainama karibu na vidole vya Kinyozi, akanyoosha kidole chake kidogo na kupitisha ukucha kati ya utosi wa Bosi na kibao.

Ukucha ukapita.

Ukapita vizuri, bila kukwaruza, ukatokea upande wa pili.

"Rula," alisema Daktari. "Kabla hujasogeza kibao cha miguuni, unaangalia nini?"

Rula alilijua jibu kama anavyojua njia ya kwenda kwao. Alikuwa amelifundisha. "Kichwa. Kichwa kiguse ubao."

"Uliangalia?"

Bosi akapiga chafya.

"Alikuwa anamwangalia mwanangu," alisema Bibi kutoka kwenye kiti chake, kwa utulivu wa mtu anayetaja nambari ya basi. "Na mwanangu alikuwa anamwangalia yeye. Mtoto hakuna aliyemwangalia, ni mimi tu."

Damu ilimpanda Rula mpaka masikioni. Kinyozi akaanza kusema, maneno yakigongana. Kosa ni lake. Dukani kwake hajawahi kuacha kichwa cha mteja kigonge kitu kigumu; mikono imezoea hivyo, humwachia mtu nafasi kidogo. Alidhani anamstarehesha mtoto. Huyu kaka alipomwambia asogeze juu, alisogeza. Kumbe kila mara amekuwa akiacha.

"Kila mara," Daktari alinong'ona. Hakulisema kama swali.

Rula alijua maana yake. Pengo lile lilikuwa dogo, lakini mtoto huyu dogo lake ni kubwa. Kama siku za mwanzo pengo lilikuwa jembamba zaidi, na likaja kukua kadiri watu wawili walivyozidi kutazamana, basi alichokiona kikirefuka miezi yote hii huenda hakikuwa Bosi.

"Kwa hiyo hajarefuka?" alisema Mama Bosi.

Daktari akageuka polepole. "Nani alikwambia amerefuka, mama?"

Mama Bosi akamtazama kaka yake. Kinyozi akatazama mikono yake, ambayo bado ilikuwa imeshika mashavu ya Bosi. "Ni mimi," alisema. "Namba sikuijua. Lakini mwezi ule wa kati, Dada Rula aliposoma ubao, alitabasamu. Kidogo tu. Nikamwambia mdogo wangu, amerefuka, nimeona."

Rula alikumbuka. Alikuwa na hakika kwamba uso wake siku ile ulikuwa ukuta.

"Nilikwenda nyumbani na lile tabasamu lako," Mama Bosi alimwambia. Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha. "Unajua nilifanya nalo nini? Kila nikichana ile pakiti, akianza kulia, nilikuwa nalikumbuka. Nasema, vumilia mwanangu, yule dada aliona kitu. Nimemchoma sindano kwa tabasamu lako." Akamchukua Bosi kutoka ubaoni, akamweka begani. "Na wewe ulikuwa unamchekea kaka yangu."

"Nilimchekea Bosi," alisema Rula, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Siku ile nilimchekea Bosi. Nilifurahi. Hata hiyo sikuruhusiwa."

Kaka Pole, aliyekuwa amesimama mlangoni kama koti lililosahauliwa, alisema, "Pole, Rula." Kwa mara ya kwanza tangu walipofahamiana, neno lile likamwingia.

Daktari Mnong'ono akavuta kiti akakaa, na wote wakasogea bila kutaka, ili wasikie. Alieleza bila kumung'unya maneno. Vipimo vya Bosi vya nyuma ataviripoti kuwa vina mashaka, havitatumika. Mtoto hana kosa, nafasi yake ipo, kama familia bado inaitaka. Wataanza kuhesabu kuanzia leo. Kama anapata dawa au maji, yeye hajui. Kama amerefuka, hajui pia. Alimwambia Mama Bosi samahani, akaisema mara mbili, na ya pili haikusikika, ilionekana midomoni tu.

Kisha akamgeukia Rula.

"Nina swali moja, na sitalirudia kwa sababu koo linaniuma. Kuna kitu kati yenu? Ukiniambia hakuna, hili ni kosa la kazi. Utafundishwa upya kama mtu mgeni, utaaibika wiki moja, na utaendelea kumpima mtoto huyu. Ukiniambia kipo, humgusi tena ubaoni mpaka jaribio liishe. Chumba hiki akiwemo yeye, wewe uko nje."

Njia ilikuwa nyeupe kabisa. Neno moja tu, hakuna, na kila mwezi angeendelea kuinama juu ya kisima kile na kukuta uso ule upande wa pili. Wala lisingekuwa uongo mkubwa. Kulikuwa na nini, kwani? Soksi moja iliyovalishwa kinyume. Kicheko mbele ya sufuria. Hawajawahi hata kushikana mkono. Katikati kulikuwa na mtoto siku zote. Na jina lake, Rula, lingebaki na ufa tu, lisingevunjika.

Alimtazama Kinyozi. Alimtazama kwa makusudi safari hii, mbele ya mama yake, mbele ya mkubwa wake wa kazi. Kinyozi alikuwa ameacha kabisa mzaha. Alikuwa anasubiri kujua, kama wote mle ndani walivyokuwa wanasubiri kujua kitu.

"Kipo," alisema Rula.

Na kwa kuwa alikuwa ameulizwa na Daktari lakini amemjibu mwingine, akaongeza, "Nilisema nitajibu mkija tena. Nimejibu."

Kinyozi akafungua kinywa. Yeye, mwenye neno kwa kila kichwa, hakupata hata moja.

*

Aliyepata neno ni Bibi.

Alikuwa ameinuka kwenye kiti na kwenda kwenye ubao. Aliinama, akapitisha ukucha wake mwenyewe mahali palipokuwa na pengo, mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta vumbi kwenye kabati la mkwe.

"Yaani ni haka," alisema. "Mmesimamisha kazi, mmemliza binti yangu, mnataka kumtoa huyu msichana, kwa ajili ya haka?"

"Ndiyo, mama," alinong'ona Daktari.

Bibi akafikiri. Alipofikiri alifanana sana na Bosi. Mikono ilikuwa imekunjwa juu ya mkoba vilevile. "Mimi nilidhani mnatudanganya," alisema mwisho. "Mtu anayetaka kunidanganya angelipenda hili pengo. Angeliacha." Akamgeukia binti yake. "Ni mwanao. Unasemaje?"

Mama Bosi alikuwa anampapasa mtoto mgongo, juu chini, juu chini. "Nataka kujua," alisema. "Kweli yenyewe. Hata ikiwa fupi." Akapumua. "Tabasamu sitaki tena. Nipeni yule anayesema pole."

Kaka Pole akasema pole.

"Basi mtoto aendelee," alisema Bibi. "Baba yake nitaongea naye." Kisha akamtazama Rula kuanzia viatuni kupanda juu, na ilichukua muda kwa sababu Rula alikuwa mrefu. "Na wewe usije ukasema nimekukubali. Nimekubali sindano. Mkwe anayesahau mtoto ubaoni bado sijamkubali."

"Mama," alisema Kinyozi, "nani kataja mkwe?"

"Nyie hamjui kupima. Mimi najua."

Daktari akaonyesha mlango kwa kidole kilekile kidogo. Kipimo cha leo kilitakiwa kurudiwa, kiwe safi, na mwenye kitu chake atoke. Rula akatoka.

Korido ilikuwa na benchi la plastiki, bango la chanjo na dirisha linalotazama barabara ya nyuma. Alikuwa amepita pale kila siku kwa miaka na hakuwahi kukaa kwenye lile benchi. Akakaa. Kumbe ni gumu. Kumbe kutoka hapa sauti ya kibao kinachoteleza inasikika, ule mkwaruzo mdogo, halafu hakuna kitu, na mtu unabaki umeshika pumzi. Wazazi wasioingia kushika kichwa walikuwa wanakaa hapa. Akasikia mkwaruzo wa kwanza. Wa pili. Alitamani kuijua ile namba mpaka meno yakamuuma, na haikuwa yake tena. Machozi yakamtoka, machache, na nusu yake yalikuwa aibu. Nusu nyingine hakuijua ni ya nini.

Mkwaruzo wa tatu.

Mlango ukafunguliwa na Kinyozi akatoka peke yake, mikono ya shati bado imekunjwa. Alisimama mbele ya benchi, akakaza uso, akawa ukuta. Alikuwa ukuta mbaya sana. Ulipinda kila upande.

"Usinitazame hivyo," alisema. "Hata mimi hawajaniambia. Na nimeapa sitamsoma Kaka Pole machoni. Si kazi ngumu, yule anawaonea huruma watu wote sawasawa."

Rula akafuta uso kwa kiganja. Alisema amemharibia Mama Bosi miezi mizima. Kinyozi akasema wameiharibu wawili, na kwamba mdogo wake amemwambia atamsamehe yeye kwanza kwa sababu ni ndugu, Rula atasubiri kwenye foleni. Ila foleni ipo.

Akakaa. Si karibu sana. Mtoto angeweza kulala katikati.

"Kuna siku ulisimama mbele ya lile duka la viatu, mkabala na kwangu," alisema. "Vya kiume. Ulivitazama mpaka mwenye duka akatoka kukuuliza saizi."

"Nilikuwa napita."

"Mara nne."

Hapo Rula, ambaye hata ukimkunja hacheki, alicheka, na mle ndani Bosi akamjibu kwa kilio, kile kilio chake cha mwenye kampuni. Wote wawili wakageukia mlango kwa pamoja. Rula aliacha kucheka. Kulikuwa na kitu kimoja bado, na bila hicho asingeweza kukaa vizuri kwenye benchi lile wala popote.

"Niambie," alisema. "Kichwa kiligusa ubao?"

Kinyozi hakufanya mzaha. Alifungua viganja vyake akavitazama, kama vile alama ingekuwepo pale.

"Kiligusa," alisema. "Nilikisikia."

Rula akaitika kwa kichwa. Kisha, kwa kuwa hakuwa na mtoto wa mtu mikononi, wala namba ya kusoma, akamgeukia na kumtazama, muda wote alioutaka.